Usikivu uliopotea ghafla uzeeni: je, utarudi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazee waliopoteza usikivu ghafla, na wa watoto na wajukuu wanaowauguza. Swali kubwa la wote ni moja: utarudi? Jibu lake linategemea mambo machache yanayopimika, na umri si la kwanza kati ya hayo. Kama tatizo limeanza leo au jana, anza na swali la 4, mengine yasome baadaye.

## Mambo ya msingi

1. Uziwi wa ghafla ni nini hasa?

Ni usikivu kushuka kwa kasi ndani ya saa 72, na kasoro iko kwenye sikio la ndani au kwenye neva inayopeleka sauti kwenye ubongo. Kigezo cha madaktari ni kushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 au zaidi kwenye masafa matatu ya sauti yanayofuatana. Karibu kila mara huwa ni sikio moja. Wengi huamka asubuhi wakakuta upande mmoja kimya. Wengine husikia mlio wa ghafla, kisha sikio likajaa na kuziba.

Makadirio ya Marekani ni wagonjwa 5 hadi 27 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 chanzo hakipatikani hata baada ya vipimo. Wanaoshukiwa ni virusi, kinga ya mwili inayoshambulia sikio lenyewe, na damu kutofika vizuri. Sikio la ndani hulishwa na mshipa mmoja mwembamba usio na msaidizi, hivyo mshipa huo ukiziba hakuna njia nyingine ya kulifikia.

2. Mzee alikuwa hasikii vizuri tangu zamani. Nitajuaje kwamba hili ni jipya?

Uzee hupunguza usikivu pole pole, kwa masikio yote mawili karibu sawa, ukianza na sauti nyembamba. Ndiyo maana mzee hulalamika kwamba watoto wanaongea upesi, au kwamba anasikia sauti lakini haelewi maneno. Hali hiyo huchukua miaka. Haiji kwa usiku mmoja, wala haichagui sikio moja na kuliacha jingine.

Jaribu simu. Mpigie, aiweke kwanza sikio la kulia, kisha la kushoto, bila kubadili sauti. Akisema upande mmoja maneno yamekufa au yanatoka kama ya bati, na juzi alikuwa akiongea kwa sikio hilo hilo bila shida, hilo ni jipya. Uliza pia kama kuna mlio ulioanza siku hiyo, au kama chumba kilizunguka.

Hapa ndipo siku nyingi hupotea. Familia inasema ni uzee, mzee naye anakubali ili asisumbue watu, na wiki mbili zinakatika. Kwa maoni yangu mazoea haya yamewaponza wazee wengi kuliko miaka yao yenyewe.

3. Si inaweza kuwa nta tu?

Inaweza, na ingekuwa heri. Nta, maji yaliyoingia wakati wa kuoga au mafua makali huziba sikio vile vile. Mhudumu wa afya mwenye taa ya kuangalia masikio hujua kwa dakika moja.

Nyumbani kuna kipimo kidogo: mzee afumbe mdomo na avume "mmmm" kwa sauti nzito. Mvumo ukisikika zaidi upande mbovu, huenda ni kuziba. Ukisikika zaidi upande mzima, shaka inaelekea sikio la ndani. Ila kwa mtu ambaye masikio yake hayakuwa sawa tangu mwanzo jaribio hili hupotosha, kwa hiyo lisiwe sababu ya kukaa nyumbani. Kosa kubwa ni kupewa matone ya kulainisha nta na kuambiwa urudi baada ya wiki mbili, ilhali hakuna aliyechungulia ndani ya sikio.

4. Je, hii ni dharura?

Ndiyo. Kama uziwi umekuja pamoja na uso kupinda, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea, kichwa kuuma vibaya kwa ghafla, au kushindwa kabisa kusimama, ichukulie kuwa kiharusi na mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Mshipa unaolisha sikio la ndani kwa kawaida ni tawi la mshipa unaolisha pia sehemu ya ubongo wa nyuma, na kwa mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari uziwi wenye kizunguzungu unaweza kuwa ishara ya kwanza.

Kama hakuna dalili hizo, lengo ni kuonana na daktari wa masikio, pua na koo na kufanya kipimo cha usikivu mapema iwezekanavyo, siku hiyo au inayofuata.

## Kinachobashiri kupona

5. Kwa jumla, ni wangapi hupona?

Tafiti za zamani zilikadiria kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya wagonjwa hurudishiwa kiasi fulani cha usikivu hata bila dawa, wengi wao ndani ya wiki mbili za mwanzo. Zingatia maneno "kiasi fulani". Humo mna aliyerudi sawasawa na aliyepata nafuu ndogo. Tena makadirio hayo yamechanganya vijana na wazee, wa uziwi mdogo na wa uziwi mzito, hivyo hayamwambii mzee mmoja mengi. Kwa wazee matokeo kwa wastani huwa pungufu, na sababu zake ziko swali la 9.

6. Nikitaka kujua jambo moja tu, liwe lipi?

Uzito wa uziwi kwenye kipimo cha kwanza kabisa. Hakuna kingine kinachobashiri kwa uthabiti kama hicho. Kwenye kipimo hiki, namba ya desibeli ikiwa kubwa usikivu ni mbaya zaidi. Aliyeshuka hadi desibeli 45 yuko mahali pazuri kuliko aliyeshuka hadi 70, na aliyevuka 90, ambaye hata kelele hazisikii upande huo, ndiye mwenye matarajio madogo zaidi. Sababu iko kwenye seli zenye vinyweleo ndani ya koklea (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti), zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme wa neva. Zikichoka au kuvimba zinaweza kuamka. Zikifa hazioti tena kwa binadamu.

Kwa hiyo karatasi ya kipimo cha kwanza (odiogramu) ni ya kutunza. Omba nakala. Bila hiyo hakuna atakayejua baadaye kama dawa imesaidia, na ubashiri wowote unakuwa wa kukisia.

7. Daktari alisema "mstari wake unapanda" na kwamba ni vizuri. Alimaanisha nini?

Odiogramu huchorwa kutoka sauti nzito (kushoto, 250 Hz) hadi sauti nyembamba (kulia, 8,000 Hz), na kadiri alama inavyoshuka ndivyo usikivu ulivyo mbaya. Mstari unaoanzia chini kushoto na kupanda kuelekea kulia maana yake sauti nzito ndizo zilizopotea. Umbo hilo ndilo lenye matarajio mazuri kuliko yote. Mstari ulionyooka huwa kati kati, ule unaoporomoka kuelekea kulia hupona kwa shida zaidi, na ule uliolala chini kabisa pande zote ni mbaya zaidi.

Kwa wazee kuna mtego. Mstari wa mzee ulikuwa umeshaporomoka kulia kabla ya ugonjwa, kwa sababu ya umri. Ukiuona unaporomoka leo, sehemu ya mporomoko huo si ya juzi. Njia nzuri ni kulaza odiogramu ya sikio zima juu ya ile ya sikio bovu: pengo kati ya mistari miwili ndilo hasara mpya. Kama kuna kipimo cha miaka ya nyuma, hicho ni bora kuliko vyote. Kitafute kabatini hata kama kimechakaa.

8. Kizunguzungu kinabadilisha nini?

Kinashusha matarajio, hasa kikiwa cha kuzunguka kweli kweli kwa saa nyingi pamoja na kutapika. Viungo vya usikivu na vya kuweka mwili sawa vimepakana na vinatumia maji yale yale na mshipa ule ule wa damu. Vyote viwili vikiguswa, madhara yamekuwa mapana.

Lakini wazee wengi huwa na wepesi wa kichwa kwa sababu nyingine: dawa za shinikizo, kusimama haraka, kutokula. Mweleze daktari jinsi kilivyokuwa, usitaje neno kizunguzungu peke yake. "Kuta zilikuwa zinazunguka, nikashika kitanda" ni tofauti na "nilijisikia mwepesi nilipoinuka", na ubashiri unaotokana na kila kimoja ni tofauti.

9. Baba ana miaka 82. Je, umri wake peke yake unamfungia mlango?

Hapana. Tafiti nyingi zimekuta kwamba waliovuka miaka 60 au 65 hupona kidogo kuliko watu wa makamo, na watoto wadogo nao vile vile. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo, hata hivyo, inatokana na mambo yanayosafiri na umri. Mzee ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kisukari, mishipa iliyokakamaa na usikivu uliopungua kabla. Mzee ndiye anayechelewa kufika. Na mzee ndiye ambaye mara nyingine hupewa dawa kwa woga, nusu dozi, au hapewi kabisa.

Kwa hiyo mtu wa miaka 82 aliyeshuka hadi desibeli 50, mwenye mstari unaopanda, bila kizunguzungu, akafika siku ya pili, ana matarajio bora kuliko mtu wa miaka 55 asiyesikia lolote upande mmoja na ambaye chumba bado kinazunguka. Daktari akitaja umri peke yake kama sababu ya kutotibu, muulize kwa heshima odiogramu inasemaje.

10. Ana kisukari na shinikizo la damu. Inazidisha ubaya?

Huelekea kuzidisha, kwa kuwa mishipa midogo imeshaathirika, ingawa tafiti hazijakubaliana ni kwa kiasi gani. Jambo lenye uzito zaidi liko nje ya sikio. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba waliowahi kulazwa kwa uziwi wa ghafla walikuwa na uwezekano wa kupata kiharusi mara 1.64 kuliko wenzao wa kulinganishwa ndani ya miaka 5. Hii haina maana kwamba sikio ndilo lililoleta kiharusi. Ila ni sababu nzuri ya kukagua shinikizo, sukari, mafuta ya damu na mapigo ya moyo wakati huu ambapo mzee yuko mikononi mwa madaktari.

11. Mlio sikioni ni dalili njema au mbaya?

Wengi huwa nao, wanaopona na wasiopona, kwa hiyo haubashiri vizuri. Jua tu kwamba mlio unaweza kubaki hata usikivu ukirudi.

12. Kuna kipimo cha damu kinachotabiri?

Watafiti wamependekeza vingi: uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe za damu, kiwango cha fibrinojeni (protini ya kugandisha damu), kasi ya chembe nyekundu kuzama. Kwenye makundi makubwa tofauti huonekana. Kwa mtu mmoja mmoja namba za waliopona na wasiopona huingiliana mno, na kwa mzee namba hizo hupandishwa na mambo mengine kama maambukizi ya mkojo au baridi yabisi. Mwongozo wa chama cha madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, uliohuishwa mwaka 2019, unashauri kutopima damu kwa mazoea bila sababu maalumu. Nakubaliana nao. Fedha hizo zitumike kwa kipimo cha pili cha usikivu.

## Muda na matibabu

13. Wiki tatu zimepita. Tumechelewa?

Mlango umebanwa, haujafungwa. Steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) za kumeza au za sindano hutolewa kama matibabu ya kwanza ndani ya wiki 2 tangu usikivu upotee. Kama kupona hakujakamilika, sindano ya steroidi kupitia kiwambo cha sikio inashauriwa kati ya wiki ya 2 na ya 6. Mtu wa wiki tatu yumo ndani ya kipindi hicho.

Kuhusu takwimu zinazoonyesha kwamba waliowahi hupona zaidi, zisome kwa jicho la pili. Aliyefika wiki ya nne ni yule ambaye hakupona mwenyewe wiki ya kwanza, kwa sababu aliyepona hakuja hospitali kabisa. Kwa hiyo kundi la waliochelewa lina wagonjwa wagumu tangu mwanzo. Kuwahi ni bora bila shaka, lakini asiwepo mtoto wa kubeba lawama kwamba siku tano alizochelewa kumleta mzazi ndizo zilizomfanya kiziwi.

14. Dawa zinaongeza matarajio kiasi gani?

Kwa ukweli, chini ya tunavyopenda kuamini. Jaribio maarufu la 1980 lilikuta nafuu kwa asilimia 61 ya waliopewa steroidi, dhidi ya asilimia 32 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lilikuwa dogo. Tathmini ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ilipoweka pamoja majaribio yaliyokuwepo ilisema faida ya steroidi bado haiko wazi, kwa sababu matokeo yanapingana. Madaktari huendelea kuzitoa kwa kuwa madhara ya muda mfupi kwa kawaida yanavumilika, na kinachoweza kupotea ni sikio zima.

Dozi kubwa mno hazisaidii zaidi. Jaribio la Ujerumani liitwalo HODOKORT, lenye wagonjwa 325, lililinganisha dozi ya kawaida ya miligramu 60 za prednisoloni na dozi kubwa zaidi, na dozi kubwa hazikushinda. Madhara ndiyo yaliyoongezeka. Kwa mwili wa mzee hilo lina maana sana.

15. Mama ana kisukari na anaogopa steroidi. Kuna njia nyingine?

Ipo: sindano inayopita kwenye kiwambo cha sikio hadi sikio la kati, ambamo dawa hupenya kuingia sikio la ndani. Jaribio la Marekani la 2011, lenye wagonjwa 250, lilikuta vidonge viliinua usikivu kwa wastani wa desibeli 30.7 na sindano kwa desibeli 28.7 baada ya miezi miwili, yaani sindano haikuwa duni. Huchoma kwa muda mfupi, huweza kuleta kizunguzungu cha dakika chache, na mara chache huacha tundu dogo.

Kama njia ni vidonge tu, sukari ipimwe mara nyingi zaidi siku hizo, na daktari wa kisukari ajulishwe kabla ya kidonge cha kwanza. Mwambie daktari pia kuhusu presha ya macho, vidonda vya tumbo, mifupa iliyodhoofika, na kama mzee huchanganyikiwa usiku. Steroidi huweza kumkosesha usingizi na kumfanya asijitambue vizuri, na familia isiyojua hudhani akili imeharibika. Dawa isianzwe kwa mabaki ya vidonge vya mtu mwingine, wala isikatizwe ghafla bila kuuliza.

16. Na chumba cha oksijeni?

Oksijeni yenye shinikizo kubwa ni chaguo la kuongeza juu ya steroidi, ndani ya wiki 2 kama matibabu ya kwanza, au ndani ya mwezi 1 kama ya kuokoa kilichobaki. Huonekana kusaidia zaidi wenye uziwi mzito. Mzee akaguliwe mapafu na moyo kwanza. Kwa dawa za kupanua mishipa, dawa za kuyeyusha damu iliyoganda na dawa za virusi, mwongozo wa swali la 12 unashauri zisitolewe kwa mazoea.

## Kusoma maendeleo

17. Ripoti inasema "nafuu ndogo", mzee anasema amepona. Nani mkweli?

Huenda mzee. Hili ndilo eneo ambalo takwimu huwaonea wazee waziwazi, kwa hiyo tulitazame kwa karibu.

Vigezo vilivyotumika sana ni vya mtafiti Siegel, vya mwaka 1975. Kwa vigezo hivyo, kupona kamili ni kuishia pazuri kuliko desibeli 25. Nafuu ya sehemu ni kupata zaidi ya desibeli 15 na kuishia kati ya 25 na 45. Nafuu ndogo ni kupata zaidi ya desibeli 15 lakini kuishia pabaya kuliko 45.

Tuseme bibi wa miaka 76. Sikio lake zima lina wastani wa desibeli 46, kwa sababu ya umri. Sikio bovu lilishuka hadi 78, na baada ya matibabu likarudi hadi 49. Amepata desibeli 29, na masikio yake sasa yanatofautiana kwa desibeli 3 tu. Kwa Siegel ameandikwa "nafuu ndogo". Lakini hawezi kupona kuzidi alivyokuwa kabla ya kuugua! Mwongozo wa Marekani unapima kwa kulinganisha na sikio zima: ukirudi ndani ya desibeli 10 za sikio hilo, na uelewa wa maneno ukakaribiana, ni kupona kamili.

Ukisoma popote kwamba wazee hupona kidogo, uliza kwanza walipimwa kwa rula ipi.

18. Ni lini tutajua kwamba kilichobaki ndicho kitakachokuwa?

Wiki mbili za kwanza zina uzito wa pekee. Sikio lililoanza kupanda ndani ya siku hizo, hata kwa desibeli 10 au 15, mara nyingi huendelea. Likikaa kimya mwezi mzima, uwezekano wa kurudi hupungua sana, na baada ya miezi mitatu mabadiliko makubwa huwa nadra. Pima mwisho wa matibabu, kisha tena ndani ya miezi 6.

Kwa jinsi nionavyo, kipimo cha wiki ya pili kinabashiri vizuri kuliko fomula yoyote ya siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba kila mtu anataka jibu siku ya kwanza.

19. Desibeli zimepanda lakini bado haelewi tukimsemesha. Kwa nini?

Desibeli hupima kama sauti imesikika, si kama neno limetambulika. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili: mgonjwa husomewa maneno na kuyarudia, na matokeo hutolewa kwa asilimia. Sikio huhesabiwa kuwa bado la kutumika likiwa na wastani wa chini ya desibeli 50 na uelewa wa maneno wa zaidi ya asilimia 50. Sauti nzito hurudi mapema kuliko nyembamba, na konsonanti kama s, f na t zimo kwenye nyembamba. Mzee atasikia kwamba umemwita bila kujua umesema "sita" au "tisa". Kama ripoti yako haina asilimia ya maneno, ulizia.

## Vikokotoo na akili mnemba

20. Programu ya hospitali imetoa asilimia 40. Tuielewe vipi?

Kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaofanana na mzee wako kwa yale yaliyoingizwa, takriban 40 walipona. Haisemi yumo kwenye 40 au kwenye 60, wala haisemi atarudishiwa asilimia 40 ya usikivu, kosa ambalo hata watu makini hulifanya.

Kisha uliza "kupona" kumepimwa kwa kigezo gani (swali la 17). Kwa bibi yule wa desibeli 46, programu inayodai kufika 25 itatoa sifuri hata kama atarudi alivyokuwa.

21. Akili mnemba haiwezi kubashiri vizuri zaidi?

Wapo wanaojaribu, na baadhi ya mifumo hufanya vizuri kwenye hospitali ilikotengenezwa. Ikipelekwa kwingine, kwa wagonjwa wengine na dawa nyingine, mara nyingi usahihi hushuka. Ukichungulia ndani, mifumo hiyo huegemea yale yale: desibeli za kwanza, umbo la mstari, kizunguzungu, siku zilizopita, umri. Daktari mwenye odiogramu mkononi tayari anayo hayo yote. Na usikubali namba yoyote itumike kumnyima mzee matibabu ambayo kipindi chake ni kifupi.

## Hali zisizo za kawaida

22. Yamepotea masikio yote mawili kwa pamoja.

Hii ni nadra na ni ya kushtua. Hapo hutafutwa sababu za mwili mzima: kinga kushambulia mwili, homa ya uti wa mgongo, kaswende, kiharusi, au dawa zinazodhuru sikio kama jentamisini, sisplatini na kwinini. Ubashiri hufuata chanzo, hivyo majibu ya sehemu ya pili hayatumiki hapa.

23. Lililopotea ndilo sikio pekee lililokuwa likisikia.

Mweleze daktari jambo hili kabla ya yote. Odiogramu yaweza kuwa ya wastani na matarajio mazuri, ila mzee huyu hana akiba, kwa hiyo madaktari wengi hawatasubiri kuona. Hapa pia hakuna sikio zima la kulinganisha nalo. Vipimo vya zamani, au kumbukumbu za familia kama aliweza kuongea kwa simu, ndivyo vitakavyokuwa kipimo cha kupona.

24. MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ya nini ikiwa usikivu umesharudi?

Kwa sababu uvimbe usio wa saratani kwenye neva ya usikivu huweza kujitokeza kama uziwi wa ghafla, na usikivu huweza kurudi kwa steroidi ilhali uvimbe upo. Kupona hakuuondoi kwenye orodha. Wenye uvimbe huo ni wachache, na kwa mzee mara nyingi hufuatiliwa tu bila upasuaji. CT (picha ya eksirei za tabaka) ya kichwa kwa kazi hii haifai, kwani uvimbe mdogo huupita. Mwenye betri ya moyo aulizie kwanza kama inaruhusu MRI. Kama hairuhusu, kipo kipimo cha mawimbi ya neva.

25. Mzee ana shida ya kumbukumbu na hawezi kubonyeza kitufe akisikia.

Basi odiogramu yake isiaminiwe haraka, maana inaweza kuonyesha uziwi mzito ambao haupo. Afanyiwe asubuhi akiwa ametulia, kwa vipindi vifupi, ikiwezekana ainue mkono badala ya kubonyeza. Kipimo cha neva kilichotajwa swali la 24 hakihitaji ajibu kitu.

26. Inaweza kurudi tena?

Kwa wengi haijirudii. Aina inayogusa sauti nzito tu, ambayo ndiyo hupona vizuri (swali la 7), ndiyo pia yenye tabia ya kurudi, na baadhi hugeuka kuwa ugonjwa wa Meniere, ambao huleta uziwi, mlio na kizunguzungu cha kurudirudi. Dalili zikianza upya, ni dharura mpya.

27. Miezi sita imeisha, halijarudi. Kuna la kufanya?

Lipo, na halikupasa kusubiri miezi sita. Kama sikio lina mabaki ya kutosha, kifaa cha kusaidia kusikia hufaa. Kama limekufa kabisa, kuna vifaa vinavyochukua sauti upande mbovu na kuipeleka upande mzima. Kuna pia kipandikizi cha koklea, ambacho Marekani ilikiidhinisha kwa uziwi wa sikio moja mwaka 2019, na umri mkubwa peke yake si kizuizi. Matokeo huwa bora sikio likiwa halijakaa kimya miaka mingi.

Wakati huo huo, mezani mwekeni mzee pale ambapo sikio lake zima linaelekea watu. Barabarani mtu atembee upande mbovu, kwa sababu kwa sikio moja hawezi kujua honi inatoka wapi.